Noti za Marekani mjini Toronto: fedha iliyokufa na bei yake

Miongoni mwa karatasi ambazo wafanyabiashara wa noti za kale mjini Toronto huzijua vizuri, imo noti moja ya dola 100 iliyotolewa na majimbo ya Kusini mwa Marekani mwaka 1862. Upande wa kushoto ina picha ya John C. Calhoun, mwanasiasa wa South Carolina aliyeutetea utumwa hadi alipofariki dunia mwaka 1850. Upande wa kulia amesimama mwanamke wa kubuniwa anayeiwakilisha nchi ya Marekani. Katikati, pale ambapo jicho hutua kwanza, kuna watumwa wenye majembe wanaolima shamba la pamba.

Wakusanyaji huiita noti hiyo kwa jina la wenye majembe. Si noti adimu. Anayeitaka huipata kwa bei isiyozidi dola mia chache, na iliyochakaa hupatikana kwa bei ya chini zaidi. Serikali iliyoitoa ilikufa mwaka 1865, na hakuna benki yoyote duniani inayoweza kuipokea. Hata hivyo inanunuliwa, na historia ya mji wa Toronto inaihusu noti hiyo kwa karibu kuliko wengi wanavyodhani.

Katika mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokuwa katika mwaka wake wa nne, Jefferson Davis, rais wa majimbo yaliyojitenga, aliwatuma wajumbe wake Kanada, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza na haikuwa upande wowote katika vita. Kiongozi wao, Jacob Thompson, alifikia katika hoteli ya Queen's iliyokuwa barabara ya Front mjini Toronto. Hoteli hiyo ilibomolewa mwaka 1927, na mahali pake ikajengwa hoteli kubwa ya Royal York iliyofunguliwa mwaka 1929 na ambayo ingali imesimama mkabala na kituo cha reli cha Union.

Thompson hakuja na mizigo ya noti za serikali yake. Fedha aliyokabidhiwa ilikuwa ya aina inayokubalika katika benki za Kanada, kwa sababu karatasi za Kusini hazikuwa na thamani ya maana nje ya mipaka ya Kusini. Huo ni ushahidi mzuri wa jinsi serikali yenyewe ilivyoielewa fedha yake: iliwalipa askari wake kwa noti, lakini ilipotaka kununua kitu kwa mgeni ilitafuta dhahabu na hawala za London.

Mjini humo humo, wakati huo huo, waliishi watu weusi waliotoroka utumwa. Thornton na Lucie Blackburn walikuwa wametoroka kutoka Kentucky mwaka 1831, wakakamatwa Detroit mwaka 1833, wakaokolewa na watu wa Detroit waliofanya ghasia kwa ajili yao, na baada ya kuvuka mpaka wakafika Toronto. Huko walianzisha biashara ya kwanza ya gari la farasi la kukodi katika mji huo. Mahali palipokuwa nyumba yao palifukuliwa na wanaakiolojia mwaka 1985. Gazeti la Provincial Freeman, lililoendeshwa na Mary Ann Shadd, mwanamke mweusi, lilichapishwa Toronto katikati ya miaka ya 1850. Kwa hiyo mwaka 1864 mji mmoja uliwahifadhi mawakala wa serikali iliyochapa picha ya watumwa kwenye fedha yake, pamoja na watu ambao wao wenyewe waliwahi kuandikiwa bei.

Tarehe 19 Oktoba mwaka 1864, askari wa Kusini wapatao 20 wakiongozwa na Bennett Young walivuka mpaka kutoka Kanada wakauvamia mji mdogo wa St. Albans, katika jimbo la Vermont. Walizivamia benki tatu, wakaondoka na zaidi ya dola 200,000. Walikamatwa Kanada na kufikishwa mahakamani Montreal, lakini jaji aliwaachia huru mwezi Desemba kwa hoja ya kisheria, na fedha zilizokutwa nazo wakarudishiwa. Serikali ya Marekani ilighadhibika. Baadaye Kanada ililazimika kuzifidia benki za St. Albans kwa sehemu ya fedha hizo. Inafaa kuangalia ni kitu gani wavamizi hao walikitaka: noti za Kaskazini na za benki zake, yaani fedha ya adui wao.

Fedha hiyo ya Kaskazini nayo ilikuwa changa. Mwaka 1861 Wizara ya Fedha ya Marekani ilitoa noti za dola 5, 10 na 20, ambazo kwa rangi ya mgongo wake ziliwapa watu jina la noti za kijani. Jumla yake ilikuwa dola milioni 60. Ziliahidi kulipwa mara mwenye nazo atakapodai, na zilipokewa kulipia ushuru wa forodha, ambao ulidaiwa kwa dhahabu. Mwaka 1862 zikafuata noti nyingine ambazo hazikuwa na haki hiyo. Matokeo yake ni kwamba wafanyabiashara walizikimbilia zile za 1861 ili walipie ushuru, na katika muda mfupi karibu zote zilirudi hazina zikateketezwa. Leo noti ya mwaka 1861 iliyo katika hali nzuri huuzwa kwa maelfu mengi ya dola.

Hapa ndipo mtu asiyeizoea biashara hii hushangaa. Noti iliyotimiziwa ahadi yake hurudi benki na kuangamizwa, kwa hiyo huwa adimu na ghali. Noti iliyosalitiwa hubaki katika masanduku, kwa sababu hakuna anayeipokea, na kwa wingi wake huwa rahisi. Serikali ya Kusini ilichapa noti za thamani iliyoandikwa ya zaidi ya dola bilioni moja. Nyingi ziliahidi kulipwa baada ya kusainiwa mkataba wa amani kati ya Kusini na Kaskazini. Mkataba huo haukusainiwa kamwe. Miezi ya mwisho ya vita, dola moja ya dhahabu ilinunua zaidi ya dola 50 za karatasi za Kusini, na mwaka 1868 marekebisho ya 14 ya katiba ya Marekani yakaharamisha malipo ya deni lolote la waasi. Watu waliokuwa na mafurushi ya noti hizo waliyaweka darini, wakawapa watoto wachezee, au wakabandika ukutani.

Zipo noti za Kusini zilizo ghali sana, lakini sababu yake ni nyingine. Zile za kwanza kabisa, za mwaka 1861, zilizotolewa katika mji wa Montgomery, Alabama, zilichapwa chache: zile za dola 500 na za dola 1,000 zilikuwa 607 kwa kila aina. Kinachochekesha ni kwamba zilichapwa New York, kwenye kampuni ya adui, kabla vita havijapamba moto. Noti hizo hufikia makumi ya maelfu ya dola mnadani.

Kuna jambo jingine ambalo humponza mnunuzi. Mwaka 1862 mfanyabiashara wa Philadelphia aliyeitwa Samuel Upham alianza kuchapa nakala za noti za Kusini na kuziuza kwa senti moja moja kama kumbukumbu za vita. Alichapa jina lake pembeni, lakini pembe hiyo ilikatika kwa mkasi kirahisi, na nakala nyingi zikavuka mpaka wa vita zikatumika kama fedha. Serikali ya Kusini ilimchukia mno. Leo hii karatasi za Upham zenyewe zina wakusanyaji wake, na ile iliyobaki na jina lake pembeni hutafutwa zaidi. Nakala za karne ya 20 ni habari tofauti. Katika miaka ya 1950 nakala za noti za Kusini zilitiwa ndani ya pakiti za vyakula vya asubuhi nchini Marekani, na nyingine zimeuzwa kwa watalii kwenye viwanja vya vita hadi leo. Karatasi ya nakala hizo kwa kawaida ni ya njano, ngumu, inayolia kama jani kavu. Noti halisi ni laini, na karibu zote za dola 5 na kuendelea zilitiwa saini kwa kalamu, moja moja, na makarani walioajiriwa kwa kazi hiyo. Wino wa saini umegeuka kuwa wa kahawia, na mara nyingine umeila karatasi. Saini iliyochapwa kwa mashine pamoja na picha ni dalili mbaya.

Mji wa Toronto una historia yake pia ya noti zilizokufa. Benki ya Upper Canada, iliyoanza kazi mjini humo mwaka 1822 wakati ukiitwa York, ilifunga milango mwezi Septemba 1866. Jengo lake la zamani katika barabara ya Adelaide limesalia. Benki nyingine iliyojiita ya kimataifa ilianzishwa Toronto mwaka 1858 na kuanguka mwaka uliofuata, na noti zake nzuri za kuvutia bado zinapatikana kwa bei nafuu, kwa sababu ile ile: hapakuwa na wa kuzilipa. Baada ya vita vya Marekani Kanada ilifurika sarafu za fedha za Kimarekani, ambazo wafanyabiashara walizipokea kwa kuzikata thamani. Mwaka 1870 waziri wa fedha, Francis Hincks, aliamua kuzirudisha kwa wingi kule zilikotoka, na ili watu wasikose chenji akatoa noti ndogo ya senti 25. Ilikusudiwa iwe ya muda. Watu waliipenda, ikachapwa tena mwaka 1900 na mwaka 1923, na ikaendelea kuwapo hadi Benki Kuu ya Kanada ilipoanza kazi mwaka 1935.

Elimu ya noti hizi iliandikwa kwa sehemu kubwa Toronto. James Charlton, mfanyabiashara wa sarafu mjini humo, alitoa orodha yake ya kwanza ya bei mwaka 1952, na vitabu vyenye jina lake vikawa ndio kipimo cha noti za Kanada. Kutokana na orodha za namna hiyo mtu wa kawaida alijifunza kwa nini noti mbili zinazofanana hazina bei moja. Mfano unaopendwa ni noti za Kanada za mwaka 1954, ambapo katika nywele za malkia Elizabeth wa Pili watu waliona uso wa shetani. Mchoro ulirekebishwa mwaka 1956. Shetani huyo, ambaye kwa hakika alikuwa kivuli cha wino tu, ameongeza bei ya noti hizo tangu hapo.

Katika noti za Marekani kanuni ni zile zile. Umri peke yake si kitu. Noti ya dola 2 ya mwaka 1976, ambayo wengi huificha kama hirizi, kwa kawaida ina thamani ya dola 2. Cheti cha fedha cha dola 1 cha mwaka 1957, chenye muhuri wa buluu, huuzwa kwa dola chache tu, na haki ya kukibadilisha kwa fedha yenyewe ilikoma tarehe 24 Juni mwaka 1968. Kwa upande mwingine noti ya dola 1,000 ya mwaka 1890, ambayo sifuri zake za mgongoni zinafanana na matikiti maji, iliuzwa mnadani mwezi Januari 2014 kwa zaidi ya dola milioni 3. Zilizosalia zinahesabika kwa vidole.

Kinachofuata baada ya uchache ni hali ya noti. Karatasi isiyopita mikononi mwa watu, isiyo na mkunjo hata mmoja, inaweza kuwa na bei mara kumi ya ndugu yake iliyokunjwa mara nne mfukoni. Kwa sababu hiyo balaa kubwa la noti za urithi hutoka kwa warithi wenyewe. Wanapozikuta chafu huziosha kwa sabuni, huzipiga pasi, huziba michaniko kwa utepe wa gundi, kisha huzipeleka kwa mfanyabiashara wakitarajia sifa. Mtaalamu huinusa noti, huitazama dhidi ya mwanga, na kwa dakika moja hujua kwamba nusu ya thamani imekwenda na maji.

Marekani ina sifa moja ambayo nchi nyingi hazina. Noti zote zilizotolewa na serikali ya shirikisho tangu mwaka 1861 bado zinalipwa kwa thamani iliyoandikwa juu yake. Anayeikuta noti ya dola 1,000 ya mwaka 1934 hawezi kupata chini ya dola 1,000, ingawa akiipeleka benki badala ya kwa mkusanyaji atakuwa amejidhulumu. Kanada ilikuwa hivyo pia, hadi tarehe 1 Januari mwaka 2021, ambapo noti zake za dola 1, 2, 25, 500 na 1,000 ziliacha kuwa fedha halali madukani. Lakini Benki Kuu mjini Ottawa inaendelea kuzilipa. Ile ya dola 25 ilichapwa mwaka 1935 tu, kwa ajili ya jubilii ya mfalme George wa Tano, na hakuna mwenye akili atakayeibadilisha kwa dola 25.

Kwa watu wa Afrika Mashariki wanaoishi Toronto, jambo hilo la noti isiyokufa ni geni. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka nchini. Waliondoka wakiwa wamezuiliwa kuchukua zaidi ya kiasi kidogo sana cha fedha kwa kila familia. Kanada iliwapokea karibu 6,000 kati yao katika miezi hiyo, wakishuka kwanza Montreal, na wengi wakaishia Toronto na viunga vyake. Shilingi za Uganda zilizobaki katika mifuko ya makoti hazikuwa na dirisha la kuzibadilisha mjini humo. Mwaka uliofuata Uganda ilitoa noti mpya zenye sura ya Amin mwenyewe. Mwaka 1987 serikali ya Yoweri Museveni ilibadilisha shilingi 100 za zamani kwa 1 mpya, na juu ya hapo ikakata asilimia 30. Noti za Amin huuzwa leo kwa wapenzi wa historia kwa bei ndogo, kwani zilichapwa kwa wingi, na kinachouzwa hasa ni ile sura.

Orodha ni ndefu. Desemba 1979 Mobutu Sese Seko alizifuta noti kubwa za Zaire na kuwapa watu siku chache tu, na akiba za wanavijiji wasio na benki karibu zikapotea. Kenya ilitangaza tarehe 1 Juni 2019 kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 itakoma mwisho wa Septemba. Muda ulipokwisha, noti milioni 7.4 hivi hazikuwa zimerudi. Tanzania iliwapa wananchi miezi mitatu, kuanzia tarehe 6 Januari 2025 hadi tarehe 5 Aprili 2025, kubadilisha noti zake za tangu mwaka 1985 hadi 2003. Mtanzania aliyekuwa ng'ambo na bahasha ya shilingi za safari ya zamani, akachelewa, sasa ana kumbukumbu badala ya fedha.

Katika pwani ya Afrika Mashariki ile kanuni ya ahadi iliyotimizwa na iliyovunjwa inaonekana waziwazi kuliko hata Marekani. Serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake za rupia mwaka 1908, zilizochapwa London na kampuni ya Waterlow, zikiwa na picha ya jahazi. Mwaka 1936 Zanzibar ilipoingia katika shilingi ya Afrika Mashariki, kila rupia ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Watu walizirudisha. Zilizobaki ni chache mno, na za thamani kubwa huuzwa London kwa makumi ya maelfu ya pauni.

Ng'ambo ya bahari hiyo hiyo nyembamba, Wajerumani waliozingirwa na manowari za Kiingereza walichapa noti za muda za rupia kati ya mwaka 1915 na 1917, kwanza Dar es Salaam na Tabora, na mwishowe porini, kwa herufi za mpira na karatasi yoyote iliyopatikana. Dhahabu yao kutoka Sekenke waliitengenezea sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, lakini mpagazi alilipwa karatasi. Utawala wa Kiingereza uliofuata haukuzifanya noti hizo kuwa fedha halali. Zimesalia kwa maelfu, na ile ya rupia 1 hupatikana leo kwa makumi machache ya dola, Toronto kama kwingineko.

Mkusanyaji aliye na noti ya wenye majembe naye huigeuza nyuma kabla ya kutaja bei. Noti hiyo ilizaa riba ya senti 2 kwa siku, na kila riba ilipolipwa, ofisi iliyolipa iligonga muhuri mgongoni, ukiwa na jina la mji na tarehe. Jefferson Davis mwenyewe alipita Toronto mwezi Mei 1867, baada ya kutolewa gerezani kwa dhamana, akapokewa na umati bandarini. Wakati huo hakukuwa tena na ofisi ya kugonga muhuri wowote. Mihuri ya miji mikubwa ni ya kawaida. Ya miji midogo huongeza bei ya noti, na yupo anayekusanya mihuri tu, bila kujali picha iliyo upande wa mbele.